Puti si Dawa ya Kutu

Jamaa zangu, nasikia mwasema gari la marehemu baba, Peugeot 504 iliyomkumbusha Mombasa hapa London, lijazwe puti, lipigwe rangi, liuzwe upesi. Nakataa. Puti juu ya kutu ni hadaa: hufyonza maji, na bati huliwa chini kwa chini.

Mwajitetea kuwa tangu 2018 gari lililopita miaka 40 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Naam, limesamehewa ukaguzi, halikusamehewa usalama. Atakayeumia ni mwana wa watu aliyelinunua.

Bati lililooza likatwe, lichomelewe jipya. Ndipo ije puti nyembamba, kusawazisha tu. Tepe za kromu zisitupwe: zivuliwe, zisuguliwe, zirudishwe mahali pake. Wa kwanza kuchangia ni mimi.