Simulesheni Nayo ni Hadithi

Juzi jamaa yangu mmoja, mtu wa kompyuta, aliniuliza: “Hivi wewe bado unasoma riwaya? Mambo ya kubuni yatakusaidia nini?” Halafu, bila hata kupumua, akaanza kunisimulia kazi yake: simulesheni. Nikacheka.

Maana simulesheni ni nini kama si jambo la kubuni? Unatengeneza mfano wa kitu, unauchezeachezea, unatazama kitatokea nini. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link aliunda ndege isiyoruka, ili rubani akosee bila kufa. Mwaka 1960 Åsmund Lærdal wa Norwei, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, alitoa mwanasesere wa kupuliziwa pumzi mdomoni, watu wajifunze kuokoa uhai. Wanahisabati wa Los Alamos, hesabu za nyutroni zilipowashinda, walizibahatisha mara nyingi kama kamari. Njia hiyo wakaiita Monte Carlo, kwa jina la mji wa kasino.

Hao hakuna anayewaambia wanapiga porojo. Sasa mbona tunaambiwa sisi?

Mchukueni Shaaban Robert. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Nani angeisimamisha serikali ile kizimbani? Yeye akabuni nchi inayoelea angani, akamweka Karama mbele ya mfalme na washauri wake, nasi tukaona yanayotokea watawala wanapomwadhibu kila anayewaletea fikra mpya. Hiyo ni simulesheni, tena haikuhitaji umeme!

Mtasema modeli ya kompyuta ina namba, riwaya haina. Sawa. Lakini namba hizo huanzia kwenye makisio ya mtu, na makisio mabovu huzaa jibu bovu, hata likiwa na desimali nne. Tofauti kubwa mimi naiona kwingine: fanani wetu hukiri mapema kwamba anabuni, na hadhira inajua inaingia mchezoni. Modeli ikishafika mezani kwa wakubwa, nani tena anakumbuka kuwa ilianza na “tuseme kwamba”? Makisio yanageuka ukweli, na anayeumia ni mtu ambaye hakuwahi hata kuingizwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sikatai grafu zako. Ila kabla hujanionyesha, anza kama bibi alivyoanza: Paukwa!

Nami nitaitika.