Mwizi Hangoji Mtandao Urudi

Kuna imani iliyoota mizizi hapa Kaunti ya Turkana, kuanzia maduka ya Lodwar hadi vibanda vya Kakuma, kwamba kamera ya usalama isiyo na intaneti ni pambo la ukutani. Mafundi wengi huihubiri wanapouza mitambo yao, nao wateja huipokea bila swali. Jirani akitaka kujua kwa nini kamera ya fulani haikunasa kitu usiku alipovunjiwa, huambiwa kwamba mtandao ulikuwa umepotea. Watu hutikisa kichwa, huridhika, kana kwamba hiyo ni kudra. Mimi siridhiki. Kamera iliyoacha kurekodi kwa sababu mtandao umekatika ilinunuliwa vibaya, na aliyeiuza anastahili kuulizwa.

Kurekodi hakuhitaji intaneti hata kidogo. Kamera inaona, mtambo unaibana picha, diski au memori kadi inaiandika. Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya ua wako, kwa waya au kwa Wi-Fi ya ruta yako mwenyewe, hata kama minara yote ya simu kati ya hapa na Kitale imelala. Intaneti inakupa mambo mawili tu: kutazama nyumba yako ukiwa mbali, na kupeleka nakala ya video kwenye seva ya mtu mwingine. Yote mawili yana manufaa yake. Kosa letu ni kuyafanya kuwa uti wa mgongo wa ulinzi, katika kaunti ambayo mtandao huja na kuondoka upendavyo.

Hebu tupige hesabu ambayo wauzaji hawaipigi mbele ya mteja. Kamera moja ya ubora wa 1080p, ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde, hutoa takriban gigabaiti 21 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya gigabaiti 600. Ni mwenye duka gani wa Lodwar atakayenunua bando la kiasi hicho ili kupandisha picha za mlango wake mtandaoni? Ndiyo maana huduma nyingi za mtandaoni hazihifadhi kila kitu. Huchukua vipande vifupi pale kamera inapohisi mtu akipita, kisha zikakutoza ada kila mwezi kwa vipande hivyo. Memori kadi ya gigabaiti 128 hubeba siku 5 nzima za kamera hiyo hiyo, usiku na mchana, na ukishailipia umemaliza. Ukiwa na kamera 4, diski ya terabaiti 2 itakutunzia wiki 3.

Wapo wanaosema kwamba mtandao umeimarika, kwamba kukatika ni habari za zamani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, intaneti ilidorora nchini, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Majirani zetu wa Uganda walizimiwa intaneti yote Januari 2021, kuanzia mkesha wa uchaguzi. Hata mtandao ukiwa mzima kwako, seva inaweza kuanguka kwingine: tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu katika mitambo ya Amazon huko Marekani ilizivuruga huduma nyingi duniani, zikiwemo kamera za Ring. Angalia hizo siku zilivyo. Siku za ghasia na za uchaguzi ndizo ambazo mwenye duka anaihitaji zaidi kamera yake.

Jawabu la haraka siku hizi ni Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023. Sina ugomvi nayo; imewafaa wengi ambao mnara haukuwafikia. Ila sahani ya kawaida ya Starlink hula wati 50 na kuendelea, wakati mtambo mdogo wa kurekodi pamoja na kamera 2 hula kama wati 20 tu. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100, ukitumia nusu tu ya uwezo wake, itaziendesha kamera na mtambo wake usiku kucha na mchana unaofuata. Ongeza sahani hiyo, na betri itaisha kabla ya alfajiri. Na stima yetu tunaijua. Bwawa la Turkwel limezalisha umeme tangu 1991, likaupeleka kwenye gridi ya taifa, huku Lodwar ikiachiwa jenereta za dizeli kwa miongo. Huko Kakuma, wengi katika kambi ya wakimbizi wameishi kwa kununua umeme wa wafanyabiashara wenye jenereta. Mahali kama hapa, kila wati ina mwenyewe.

Kakuma ina sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kutoka Sudan, na leo ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa 2018 ulikadiria soko la Kakuma kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka, kwa hiyo maduka yapo na mali ya kulinda ipo. Lakini wanaopita mbele ya maduka hayo ni watu waliokimbia, na baadhi yao wangali wanatafutwa na waliowakimbiza. Nyuso zao zina haki gani ya kusafirishwa hadi kwenye seva ya kampuni ambayo mwenye duka hajui iko nchi gani? Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya Wyze walionyeshwa picha za kamera zisizo zao, baada ya hitilafu ya mtandaoni. Picha iliyobaki kwenye diski yako haiwezi kuvuja kwa njia hiyo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mfanyabiashara awajibike kwa picha za watu anazokusanya. Atawajibikaje kwa kitu asichokishika?

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu: mwizi akiiba mtambo wenyewe, ushahidi umekwenda naye. Ni kweli, na nimeona mitambo imewekwa juu ya kaunta, taa zikimetameta, kana kwamba inamkaribisha. Lakini dawa ipo. Uweke chumba kingine, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, kisha tia memori kadi ndani ya kila kamera, ili mwizi alazimike kung'oa kila kitu. Mtandao ukiwepo, uachie utume picha chache za mnato kwenye simu yako. Hapo intaneti itakuwa msaidizi, na kazi ya kutunza kumbukumbu itabaki nyumbani.

Utunzaji huo una masharti yake, na Turkana haisamehe. Joto la Lodwar hupita nyuzi 35 mchana, na vumbi haliishi. Memori kadi ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya simu itakufa mapema, kwa hiyo nunua ile iliyokusudiwa kurekodi mfululizo. Saa ya mtambo nayo ikaguliwe kila wiki, kwani bila intaneti huweza kupotea, na video yenye tarehe isiyo sahihi itampa wakili wa mshtakiwa pa kuanzia. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu mwenye dhamana ya mtambo uliotoa rekodi. Mtambo ukiwa dukani kwako, mtu huyo ni wewe, na unaweza kusimama mbele ya hakimu ukaeleza ulivyofanya kazi. Tukio likitokea, nakili video siku hiyo hiyo, maana diski ikijaa huandika juu ya ya zamani.

Ndugu yangu unayetaka kufunga kamera, usimlipe fundi salio lake kabla hajafanya jambo moja mbele yako. Mwambie achomoe waya wa intaneti, mnywe chai, mkae saa nzima. Kisha akuonyeshe video ya saa hiyo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akishindwa, arudishe mtambo wake na wewe ubaki na pesa zako.