Duka la pili huua la kwanza

WAFANYABIASHARA wadogo wa Temeke na Kinondoni wamezoea kuambiwa kuwa tatizo lao ni mtaji. Wanasiasa husema hivyo, mabenki husema hivyo, na wenyewe hurudia maneno hayo hayo wakiwa kwenye foleni ya mkopo. Hata hivyo, duka jipya la Tandika, Mbagala au Mwananyamala lililopakwa rangi Januari na kufungwa Juni mara nyingi lilikuwa na mtaji. Kosa ni kwamba mtaji huo ulitolewa katika duka jingine lililokuwa bado linauhitaji.

Hatua ya kwanza ya biashara ndogo jijini inafahamika. Mtu huanza na genge mlangoni, au meza kando ya barabara, na bidhaa za mali kauli kutoka kwa mwenye duka la jumla Kariakoo anayemwamini. Hatua hii ni ngumu lakini haina siri. Asiyeuza leo hali kesho, na hesabu yote iko mfukoni.

Hatua ya pili ni fremu yenye leseni. Hapa ndipo mambo huanza kujificha, kwa sababu fedha zinazopita mkononi ni nyingi kuliko zinazobaki. Chukua mfano wa duka la rejareja Tandika linalouza Sh 300,000 kwa siku, kwa faida ya asilimia 12. Kwa siku 26 za mwezi, mauzo ni Sh milioni 7.8 na faida ghafi ni Sh 936,000. Toa kodi ya pango Sh 150,000, mshahara wa muuzaji Sh 150,000, na umeme, ulinzi na taka Sh 60,000. Zinabaki Sh 576,000. Nyumbani zinakwenda Sh 400,000. Duka limejiwekea Sh 176,000 tu, na hapo hakujawa na ada ya shule wala msiba.

Mwenye duka hilo haoni Sh 176,000. Anaona milioni 7.8. Akisikia fremu imepatikana Mbagala, anaona ni bahati. Pango la Sh 200,000 hulipwa kwa miezi sita, yaani Sh milioni 1.2; kilemba Sh milioni 1; mashubaka Sh 600,000; mzigo Sh milioni 3. Jumla Sh milioni 5.8. Anakopa milioni 2.5, anaomba mali kauli ya milioni 1.3, na milioni 2 zilizobaki anazichota kwenye rafu za Tandika.

Mteja wa Tandika hajui habari za Mbagala. Anajua kwamba amekuja kununua mafuta ya kula akakuta hakuna, akavuka barabara. Mauzo yakishuka hadi Sh 200,000 kwa siku, faida ghafi inakuwa Sh 624,000. Ukitoa gharama zile zile zinabaki Sh 264,000, na nyumbani bado wanataka 400,000. Duka lililokuwa likilisha familia sasa linakula mtaji wake Sh 136,000 kila mwezi, kabla rejesho la mkopo halijaguswa. Mbagala nako kuna kijana wa ukoo anayeuza peke yake, bila daftari.

Daftari lina historia yake. Katika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, mwenye kuandika vizuri alichonacho ghalani alikuwa amejiandikia ushahidi. Watu wazima wa biashara walijifunza kuweka hesabu kichwani, na wakawafundisha wanao. Mamlaka ya Mapato ilipoanza kazi Julai 1996, na mashine za risiti zilipoingia kuanzia mwaka 2010, wengi waliona hofu ile ile kwa sura mpya. Haiwezekani kuwalaumu kwa asili ya tabia hiyo. Lakini hesabu ya kichwani hutosha duka moja ambalo kichwa chenyewe kimo ndani. Duka la pili haliwezi kuendeshwa hivyo.

Mikopo nayo ina sehemu yake. Mtindo wa vikundi uliosambazwa hapa nchini katika miaka ya 1990 na taasisi kama PRIDE Tanzania na FINCA ulikuwa na faida kubwa kwa watu wasio na hati ya nyumba. Wanakikundi hudhaminiana, hulipa kidogo kidogo, na anayemaliza mkopo mdogo hufunguliwa mlango wa mkubwa zaidi. Ngazi hiyo hupanda kwa kalenda ya marejesho. Duka halipandi kwa kalenda hiyo. Mama wa Manzese aliyemaliza mkopo wa tatu hukuta wa nne umemsubiri, na kwa kuwa fedha za bure haziko, huzitafutia kazi. Kazi inayoonekana haraka ni fremu nyingine.

Wapo wanaokua bila kutanuka. Keko, wilayani Temeke, fundi seremala asiye na mashine ya kuranda hupeleka mbao kwa jirani mwenye nayo akalipia. Fundi anayeweka akiba mpaka akanunua mashine yake huacha kulipa kwa jirani, huanza kulipwa na majirani, na bado yuko chini ya bati lile lile, anaona kila ubao unaoingia na kutoka. Haonekani tajiri. Hana kibao cha tawi. Lakini faida kwa kila kitanda imepanda.

Hata wakubwa walipita hapo. Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019, alianza uzalishaji kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, huku akiendelea na kazi ya uhasibu Coopers & Lybrand. Aliiacha kampuni hiyo mwaka 1989. Sehemu ya mwanzo ya habari hiyo ndiyo husimuliwa sana. Kwa mwenye duka la Tandika, mshahara ni jambo kubwa zaidi ya kalamu, kwani chakula cha nyumbani hakikutegemea mzigo.

Kipimo cha kuwa tayari kwa duka la pili ni rahisi, na kinakuja chenyewe. Mwenye duka akienda msibani Masasi au Moshi kwa siku kumi, akirudi akute nini? Kama rafu zimejaa, mauzo yako palepale na daftari linaonyesha kila kilichotoka, biashara imeshavuka hatua. Kama amekuta duka limefungwa tangu siku ya tatu, au liko wazi na droo haina kitu, basi hana duka bado. Ana ajira yake mwenyewe yenye fremu.

Mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza milioni moja au mbili katika biashara ya ndugu naye angeuliza swali hilo kabla ya kuuliza mgawo wa faida. Vile vile aulize mauzo ya maduka yote kwa pamoja. Kiwango cha kusajiliwa kwa VAT kilipandishwa Julai 2023 kutoka Sh milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na hesabu yake ni ya mfanyabiashara, si ya fremu moja moja. Duka la Tandika katika mfano huu huuza karibu milioni 94 kwa mwaka. Mawili yanayouza vizuri yangekaribia kiwango hicho, na mwenye nayo angehitaji vitabu ambavyo hakuviandika tangu siku ya kwanza.