Ufundi wa DJ Screw haukutoka kwenye chupa

Robert Earl Davis Jr., aliyejulikana kama DJ Screw, alifariki Houston, Texas, Novemba 2000 akiwa na miaka 29, na kodeini ikatajwa katika chanzo cha kifo chake. Tangu hapo wengi huueleza muziki wake kwa sababu hiyo moja: alikunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, akalegea, na nyimbo zikalegea naye. Maelezo haya yanamdhulumu fundi. Screw aliweka santuri mbili za wimbo uleule, moja ikiwa nyuma kidogo ya nyingine, akahama kutoka hii kwenda ile ili neno lijirudie pale hasa alipolitaka, na mdundo usikatike. Kisha kanda nzima akaipunguza kasi. Besi inatanuka, sauti ya rapa inakuwa nzito, na mstari uliokuwa ukipita mbio unasikika neno kwa neno. Kazi hiyo inataka sikio makini na mkono usiotetereka. Mwenyewe alikana kwamba ni lazima mtu alewe ndipo azifurahie kanda zake.

Hata biashara yake ilikuwa ya mtu anayejua anachofanya. Bila kungoja kampuni kubwa za muziki, aliuza kaseti nyumbani kwake, upande wa kusini wa Houston. Wateja waliagiza kanda zao kwa kuchagua nyimbo, na vijana wa mitaa ile wakachana humo: Fat Pat, Lil' Keke, Big Moe, na George Floyd, aliyejiita Big Floyd miaka mingi kabla dunia haijalijua jina lake mwaka 2020. Watu walimiminika hata polisi wakashuku kuwa anauza dawa za kulevya. Mwaka 1998 akafungua duka la kanda zake.

Wapo watakaosema kwamba baadhi ya nyimbo hizo zilikisifu kinywaji kile. Ni kweli, na madhara yake hayafichiki: Pimp C wa kundi la UGK, rapa wa Texas pia, alikufa mwaka 2007 na dawa hiyohiyo ikahusishwa. Lakini hapo ndipo hoja yao inapowageuka. Anayemwambia kijana kwamba sauti ile ilizaliwa na kodeini anampa sababu ya kuinywa, na ndivyo chupa ilivyopata heshima isiyostahili. Leo nyimbo zilizopunguzwa kasi zimejaa YouTube, na vijana wa Dar es Salaam na Mombasa wanaweza kuzisikiliza bila kujua deni lake kwa Houston. Anayetaka kuwaeleza aanze na maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston, inakohifadhiwa hazina ya santuri zake, zaidi ya 1,000. Humo ndimo alimochota.