Kulinda Mpaka ni Kuwajua Wakaao Mpakani

Askari ahamishiwapo mpakani hukabidhiwa silaha na zamu yake. Sisi twaona kwamba liko jambo jingine lisilopasa kucheleweshwa, nalo ni kuijua nchi anayokwenda kuilinda pamoja na wakazi wake. Twayasema haya tukiwa Malukhu, hapa Mbale, ambapo barabara ya lami ipitayo Bumbobi na Bubulo hutufikisha upesi kwenye kituo cha mpaka cha Lwakhakha.

Tuanze na ardhi. Bubulo ya mashariki, ambayo tangu mwaka 2017 ni Wilaya ya Namisindwa, imelala kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaaba na ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Juu ni msitu wa hifadhi ya taifa. Chini ya msitu ni mashamba ya kahawa ya arabika katika kivuli cha migomba, kisha mahindi, maharage na vitunguu. Mto Lwakhakha, utokao mlimani humo, ndio mpaka wetu na Kenya. Si mto mpana, na njia za panya ni nyingi.

Mpaka huo wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi ya ng'ambo ilihesabiwa ndani ya Himaya ya Uganda, ndipo Waingereza wakaihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wamasaaba wa huku na Wabukusu wa kule ni ndugu. Lugha zao zasikilizana, na tohara hufanyika pande zote mbili katika miaka ya shufwa. Askari asiyeyajua haya atamdhania kila avukaye mto kuwa mhalifu, kumbe mwingine anakwenda kumzika shangazi yake.

Sasa tutazame uchumi. Mwaka 1975 jalidi iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Mkulima wetu hakufaidi. Kahawa yote ilipaswa kuuzwa kwa Bodi ya Serikali, kwa bei ndogo na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Hata Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoundwa mwaka 1954 ili kumtetea mkulima, hakikuwa na mnunuzi mwingine. Ng'ambo, katika soko la Chepkube, mkulima alilipwa zaidi, tena papo hapo. Kahawa ikavuka kwa vichwa, kwa punda na kwa malori. Utawala wa wakati ule ulijibu kwa risasi, lakini magendo hayakukoma, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa bei.

Wako watakaosema kwamba kuwaonea huruma wavukao ni kuwafungulia mlango wenye silaha na wezi wa mifugo. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini tujiulize: ni nani atakayetuarifu kwamba wageni wamepita usiku kwenye kivuko fulani? Ni mwanakijiji yule yule. Tukiwa jana tumemnyang'anya kikapu cha maharage, leo atanyamaza.

Sheria nayo haitulazimishi kumnyang'anya. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mchuuzi mwenye bidhaa za humu kwetu zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa forodhani cheti cha asili ya bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha. Wajibu wa askari ni kumwelekeza forodhani, wala si kumdai kitu kidogo kando ya njia.

Halafu kuna utawala. Kutoka kijiji hadi muluka, gombolola, kaunti na wilaya, kila ngazi ina mwenyewe. Mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na wananchi. Mkuu wa Wilaya humwakilisha Rais na kuongoza kamati ya usalama. Afisa Mtendaji Mkuu husimamia watumishi. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 1995 chalitaka jeshi kushirikiana na mamlaka ya kiraia wakati wa maafa na kukuza mapatano na raia. Kifungu cha 212 chawataka polisi nao washirikiane na mamlaka hiyo.

Maneno hayo si mapambo. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulipoporomoka na kuifukia Nametsi katika wilaya jirani ya Bududa, mitambo haikuweza kufika. Wanajeshi walichimba kwa majembe bega kwa bega na wanakijiji, wakiwatafuta waliofukiwa. Siku kama ile hakuna nafasi ya kuanza kuuliza njia ya kijijini.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila askari na polisi anayeripoti mpakani, katika juma lake la kwanza, aende kwa mwenyekiti wa kijiji kujitambulisha, ajue siku za soko, vivuko vya mto na miteremko ya hatari. Makamanda nao wamuulize aliyoyajua, kama wanavyoikagua bunduki yake.