Plani za Elisabethville: tuzipeleke kwa bazee

Sisi watoto wa Lubumbashi tuko na tabia moja: tukiulizwa nkambo aliishi wapi, tunajibu « ku Albert » ao « mu kampi », na habari inaishia pale.

Lakini ku Albert ni wapi? Kijana wa leo anajua Kamalondo tu. Mji wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 na jina la Elisabethville, ukapata jina la Lubumbashi mwaka 1966. Njia nyingi nazo zilibadilishwa majina. Basi ukikuta mu sanduku barua yenye adresi ya zamani, bila plani ya wakati ule hautajua nyumba ilikuwa fasi gani.

Tunasema familia zitafute plani hizo na kuzisoma. Zinaonyesha wazi namna mji ulipangwa: Wazungu upande mmoja, cité ya Waafrika upande mwingine, na katikati uwanja mtupu, ile zone neutre iliyowekwa kwa makusudi. Fuata kwa kidole safari ya nkambo toka Albert mpaka kazini ku ville, utaelewa sababu gani aliamka mbele ya jogoo.

Lakini tuangalie vizuri. Plani ilichorwa kwa kazi ya wakubwa wa mji. Inaonyesha nyumba ya bwana. Boyi aliyelala ku boyerie nyuma yake hana jina pale. Kampi ya Union Minière inaonekana kama milolongo ya nyumba, bila kusema nani alilala wapi. Ndiyo maana maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, yako na bei kubwa kwetu: ni historia ya mji kwa Kiswahili chetu, toka upande wa maboyi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu sisi wenyewe. Tutandike plani mbele ya mama mzee wa Kenya ao wa Katuba, tumuulize: « Mama, robine ya maji ilikuwa wapi? Jirani alikuwa nani? Mulihama mwaka gani? » Majibu tuyaandike palepale juu ya karatasi, pamoja na jina lake na tarehe. Bazee wanaenda kila mwezi, na wakienda, plani inabaki mistari tu.

Kazi ya pili ni ya mairie: ku kila kibao cha avenue, jina la zamani liandikwe chini ya jipya. Wengine watasema tunasifu ukoloni. Hapana. Tunafikiri juu ya yatima mwenye kushika karatasi ya lupango iliyoandikwa « Albert », na ambaye hawezi kuonyesha ni fasi gani ya Kamalondo. Siku ya mabishano ya urithi, mbele yake atasimama mutu wa sauti kubwa, na huyo ndiye atachukua nyumba.