Sumu hutoka damuni, madhara yakabaki

MAHAKAMA ya Juu iliporejesha mnamo Desemba 2024 fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, ilihitimisha safari ndefu ya kesi iliyoamuliwa Julai 2020, kisha uamuzi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023. Hata hivyo, suala moja la kisayansi lingali palepale: mtu aliyevuta moshi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu atathibitishaje kwamba mwili wake uliharibika?

Kipimo kilichozoeleka ni cha kiasi cha madini ya risasi kilichomo katika damu. Kina kasoro yake. Nusu ya madini hayo hutoka damuni kwa muda wa takriban mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya yale yanayosalia mwilini hujificha mifupani kwa miaka mingi. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014. Aliyepimwa muda mrefu baadaye huenda akaonekana ana nafuu, ilhali ubongo wa mtoto wake ulikwisha kudhurika.

Hapo ndipo taaluma ya metabolomiki inapoingia. Badala ya kuitafuta sumu yenyewe, wataalamu hupima kwa pamoja, katika damu kidogo au mkojo, mamia ya kemikali ndogondogo ambazo mwili huzizalisha unapogeuza chakula kuwa nguvu: sukari, mafuta, asidi za amino na nyinginezo. Sumu inapovuruga kazi ya seli, uwiano wa kemikali hizo hubadilika, pengine kabla ya mtu kuhisi maumivu yoyote.

Risasi ni mfano mwafaka. Huzuia kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu. Malighafi isiyotumika, yaani asidi ya aminolevuliniki, hurundikana na kutoka kwa mkojo. Madaktari wa viwandani wameipima kemikali hiyo moja kwa miongo mingi. Jipya ni kusoma mamia kwa mkupuo. Mbinu iyo hiyo hutumiwa kwa samaki, kome na nyungunyungu wa maeneo yaliyochafuliwa, viumbe wasioweza kwenda kortini.

Mawakili wasishangilie mapema. Malaria, njaa, dawa, hata chakula cha usiku uliotangulia, vyote huyatikisa matokeo hayo. Ni lazima wawepo watu wa kulinganishwa nao, wa umri na maisha yanayofanana, kutoka mtaa usio na moshi. Bora zaidi ni sampuli zilizochukuliwa kabla ya tanuri kuwashwa. Sheria ya mazingira ya 1999 humtaka mwekezaji wa mradi wa aina hiyo kufanya tathmini ya athari kabla ya kujenga. Huo ndio wakati wa kuchukua damu na mkojo wa majirani, kwa ridhaa yao, na kuvihifadhi katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sufuri, gharama ikibebwa na mwenye kiwanda.